Sato wa mlango wazi: shajara ya matangi ya Kibada

Shajara hii ilianza nyuma ya daftari la madeni, kwa kalamu ya mpwa wangu. Naiweka hapa kwa sababu watu watatu wameshaniuliza swali lile lile: mbona vifaranga vya sato vinakua na shavu wazi? Nina matangi sita ya lita 1,000 na manne ya lita 500 nyuma ya nyumba, Kibada, Kigamboni. Kisima changu kina chumvi kwa mbali. Samaki wazazi wako kwenye mabwawa mawili ya turubai. Natotolesha, nalea wiki sita hadi nane, nauza. Siku za kulisha na kusugua matangi sikuziandika, kila mfugaji anazijua.

11 Januari 2025

Mteja wa Mkuranga alikuja kuchukua vifaranga 1,500. Akachota kikombe kimoja, akakiinua juani, akakizungusha.

"Dada, hawa mbona kama daladala la Mbagala? Mlango haufungi."

Alikuwa sahihi. Kile kifuniko kigumu kinacholala juu ya mashavu ya samaki kilikuwa kifupi kwa baadhi yao, kwa wengine kimejikunja kwa ndani kama ukingo wa karatasi iliyolowa. Matamvua mekundu yalionekana waziwazi. Akachukua 600 aliowachagua mwenyewe mmoja mmoja, akaniachia 900. Kwa shilingi 200 kila mmoja, hiyo ni 180,000 iliyobaki ndani ya maji.

Nisijifanye nimeshtuka. Tangu Novemba nilikuwa nawaona, nikawa najiambia ni wachache.

19 Januari

Nimeamua kuhesabu, na hesabu ya kwanza nimeikosea. Nilichota kwa kikombe pale wanapokusanyika kula, juu ya maji: 9 kati ya 100. Nikapumua. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, wenye shavu bovu hawaji juu. Wamejazana kwenye jiwe la hewa."

Ndivyo ilivyokuwa: wamejazana kwenye kile kijiwe kinachotoa mapovu ya hewa ndani ya tangi. Samaki hupumua kwa pampu: mdomo unavuta maji, vifuniko vya mashavu vinafunga na kufungua, maji yanapita kwenye matamvua. Kifuniko kikiwa pungufu pampu inavuja, naye anajisogeza penye hewa nyingi. Hagombei chakula.

Tukapunguza maji hadi robo, tukakoroga, tukachota wote waliopita kwenye wavu bila kuchagua. Kioo cha kukuzia nimenunua Kariakoo, 10,000. Matokeo: 31 kati ya 200. Wenye kasoro upande mmoja 22, pande zote mbili 9. Kila samaki anageuzwa aonekane kushoto na kulia, la sivyo nusu ya wenye kasoro upande mmoja watakupita. Kuanzia leo hesabu zote ni za samaki 200 kwa njia hii.

2 Februari

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: damu. Wazazi wangu wote ni uzao wa samaki 60 niliowanunua 2021, na kila mwaka nimekuwa nachagua wakubwa miongoni mwa watoto wao. Kaka kwa dada. Nikaona maelezo yanatosha.

Nimenunua wazazi wapya upande wa Kibaha, majike 40 na madume 12, kila mmoja 8,000. Jumla 416,000, na usafiri 90,000. Mifuko ya oksijeni ilikaa kwenye foleni muda mrefu kuliko nilivyopanga, ikapata moto. Madume watatu walifika wamekufa. Siku nyingine nasafirisha usiku, au naweka chupa za barafu kati ya mifuko.

(Nilishawishika kuchukua perege wa Rufiji badala ya sato, maana huyo chumvi ya kisima changu haimsumbui. Ila wateja wangu wanataka sato, na soko halibishiwi.)

23 Machi

Vifaranga vya kwanza vya wazazi wapya wametimiza mwezi. 27 kati ya 200.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda. Laki tano na elfu sita nimetoa, nimepata tofauti ya samaki wanne, ambayo hata bahati tu inaweza kuileta.

30 Machi

Jambo ambalo lingeniokoa lilikuwa kwenye daftari hili hili la madeni. Desemba nilimkopesha mteja wa Kimbiji vifaranga 2,000 wa siku chache tu, wa damu ya zamani. Nimempigia. Anafuga kwenye bwawa la udongo, maji yake ya kijani kama mlenda. Nikamwomba ahesabu 100. Mwenye shavu wazi ni mmoja.

Baba wale wale, mama wale wale. Kwake mmoja katika mia, kwangu kumi na tano.

6 Aprili

Bwana samaki wa kata amefika. Ni mtu mzima, mpole, na hakugusa tangi hata moja. Baada ya shikamoo na chai alisema, "Nionyeshe mfuko wa primiksi," yaani ule unga wa vitamini unaochanganywa kwenye chakula.

Chakula natengeneza mwenyewe: dagaa wa kusaga 35, pumba ya mahindi 25, mashudu ya alizeti 20, soya iliyokaangwa 15, unga wa muhogo 4, primiksi 1. Vyote kwa kilo, jumla mia. Napika kama ugali ili ushikane, napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, naanika juu ya turubai juani, kisha nasaga upya kwa ajili ya wadogo. Primiksi ni ya kuku. Inapatikana kila kona, bei nafuu.

Akanipa mfuko nisome kwa sauti. A, D3, E, K, B1, B2, B6, B12, naisini... Nikafika mwisho. "Iko wapi C?" akauliza. Haikuwepo.

Alinieleza hivi. Kuku hujitengenezea vitamini C mwilini, mbuzi vilevile, ndiyo maana mwenye kutengeneza primiksi ya kuku mara nyingi haoni sababu ya kuiweka. Sato hawezi, kama sisi tusivyoweza. Lazima aile. Bila hiyo mwili haujengi vizuri kolajeni, ile protini inayoshikilia gegedu na mifupa. Kifaranga anayekua kwa kasi huonyesha upungufu mapema kwenye vifuniko vya mashavu, kwenye matamvua na kwenye uti wa mgongo. Samaki wa maji ya kijani anapata vitamini C kutoka kwenye mimea na wadudu wadogo wa majini anaowameza kutwa nzima. Matangi yangu mimi nayafunika na kuyasugua hadi yanang'aa, na nilikuwa najivunia hilo.

Kuhusu damu hakuikataa moja kwa moja, kasoro hii ina zaidi ya chanzo kimoja. Lakini alinitajia utafiti uliochapishwa 1994 juu ya perege wa Msumbiji wenye vifuniko vifupi, ambako kasoro haikuonekana kurithiwa. Akasema pia Ufilipino wanaototolesha mwatiko wanahangaika na mashavu haya haya, na wafugaji wa bahari ya Mediterania nao hivyo hivyo. Sikujua kama nifarijike.

Lililoniuma ni hili: aliyeota shavu wazi hatibiki. Mfupa ukishakaa vibaya umekaa. Ninachoweza kuokoa ni uzao unaofuata.

13 Aprili

Kosa la haraka. Nilinunua duka la dawa vidonge vya vitamini C vya kutafuna, vile vya ladha ya chungwa, vya 12,000. Nikavisaga, nikavimwaga kwenye ugali wa samaki ukiwa unatoa mvuke. Jua likamalizia kazi.

Vitamini C ya kawaida haistahimili moto, haistahimili hewa wala unyevu. Hata nisingeipika, inayeyuka ndani ya maji kabla kifaranga hajafungua mdomo. Maji ya tangi yalibaki na rangi ya juisi siku nzima. Mpwa wangu ameniuliza kama kesho tuwape na biskuti.

20 Aprili

Sasa najaribu kwa utaratibu. Kariakoo, kwenye duka la dawa za mifugo, nimepata vitamini C iliyofungwa na fosfeti. Hiyo inavumilia hewa na maji kuliko ile ya kawaida. Nusu kilo 48,000. Mfuko unasema nguvu yake ni asilimia 35, kwa hiyo gramu moja kwa kilo ya chakula inatoa miligramu 350. Ni kiwango kikubwa kuliko anachohitaji sato, lakini nimeacha nafasi ya kupotea.

Jike la sato huatamia mayai mdomoni. Nimekusanya mayai kutoka midomoni mwa majike kumi na wawili wapya, nimeyachanganya yote yakatotolewa pamoja, ili asije mtu kusema tangi fulani lilipata mama mzuri. Matangi matatu ya lita 500, vifaranga 400 kila moja:

Tangi 1: chakula cha zamani, maji ya kijani. Halifunikwi, nimeweka samadi kidogo ya kuku.
Tangi 2: chakula cha zamani, maji meupe, linafunikwa.
Tangi 3: chakula chenye vitamini, maji meupe, linafunikwa.

Vitamini naiweka mwisho kabisa, chakula kikiwa kimekauka, kimepoa na kimesagwa. Gramu moja naikoroga kwenye vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, namimina kwenye kilo moja huku nafikicha kwa mikono. Mafuta yanaifunika isiyeyuke haraka. Waliobaki, kama 500, nimewaacha kwenye beseni kama akiba.

23 Aprili

Akiba imetumika mapema. Nilikwenda msibani Temeke, nikamwachia mpwa wangu kazi. Pampu ya kisima ikagoma, akajaza Tangi 2 kwa maji ya bomba moja kwa moja. Klorini. Niliporudi jioni wamekufa zaidi ya 300, wamelala chini kama mchele.

Kosa ni langu, sikuwahi kumwambia. Maji ya bomba yanakaa kwenye pipa wazi, na jiwe la hewa ndani, siku mbili kabla ya kugusa samaki. Nimeandika kwa chaki juu ya bomba lenyewe. Tangi 2 nimelianza upya kwa vifaranga 400 wa akiba, wa mayai yale yale na chakula kile kile, ila wamekaa kwenye beseni siku tatu zaidi ya wenzao. Anayesoma matokeo alikumbuke hilo.

Mvua za masika zimeanza kunisumbua upande mwingine. Mawingu wiki nzima, Tangi 1 linapoteza ukijani. Nimelisogeza kwa kulivuta juu ya mabomba, watu wanne, liwe mbali na mwembe.

1 Juni

Wiki sita. Joto la maji lilikuwa kati ya nyuzi 26 na 28 kwa matangi yote, la kijani likipanda kidogo mchana. Kwa samaki 200 kila tangi:

Tangi 1 (kijani, chakula cha zamani): 9.
Tangi 2 (maji meupe, chakula cha zamani): 33.
Tangi 3 (maji meupe, vitamini): 12.

Nilihesabu Tangi 3 mara mbili, kisha nikamwita jirani, fundi pampu asiyejua lolote kuhusu jambo hili, ahesabu bila kuambiwa ni lipi. Alipata 13. Tumegombana kuhusu samaki mmoja ambaye kifuniko chake kina pengo dogo pembeni. Nimemwachia ushindi, lakini kwenye daftari nimebaki na 12.

Kwa hiyo maji ya kijani yalifanya kazi sawa na unga wa Kariakoo, bila shilingi. Nilikuwa nayamwaga kila Jumamosi.

7 Juni

Umeme ulikatika saa saba usiku, ukarudi alfajiri karibu na adhana. Tangi 2 wamekufa 41. Nimewageuza wote kwa kioo: 34 walikuwa na shavu wazi. Kwenye maji yenye hewa ya kutosha huwezi kuwatofautisha na wenzao kwa uhai, hewa ikipungua ndio wa kwanza kuondoka. Tangi 1 nalo limepoteza 15, karibu wote wazima wa mashavu. Mimea midogo inayoyapa maji ukijani hutoa oksijeni mchana, usiku inaivuta pamoja na samaki. Nilikuwa nimeacha ukijani uzidi, mkono ukizama hadi kiwiko sioni vidole. Sasa kipimo changu ni hicho: nikiinamisha mkono hadi kiwiko, vidole vionekane kwa shida. Visipoonekana natoa theluthi ya maji.

Pampu ya hewa ya betri, 85,000. Hii siihesabu kwenye mradi, nilipaswa kuwa nayo tangu mwaka juzi.

14 Juni

Kumi na wawili wa Tangi 3 bado ni wengi. Bwana samaki amesema kwa simu nitazame wazazi wanakula nini. Wanakula chakula kile kile cha zamani. Jike huweka vitamini C ndani ya yai, na kifaranga huanza kujenga mwili kwa kiini hicho kabla hajaonja chakula changu. Kwa hiyo nilikuwa nalisha vizuri mtoto aliyezaliwa tayari ana deni.

Kuanzia leo wazazi wote wanapata chakula chenye vitamini, gramu moja kwa kilo vilevile. Na hapa nimefanya jambo ambalo wewe usifanye: siku hiyo hiyo nimeongeza DCP, unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi, kilo moja kwa kila mia. Hoja yangu ilikuwa fosforasi. Nyingi ya iliyomo kwenye pumba na mashudu imefungwa kwa namna ambayo tumbo la samaki haliwezi kuifungua, na mfupa bila fosforasi ni mfupa gani? Lakini dagaa wangu tayari wanaileta kwa wingi, na kwa kubadili vitu viwili kwa mpigo sitajua kipi kimesaidia. Nilijua nikiwa nachanganya. Nilichanganya hivyo hivyo, nimechoka kusubiri.

20 Julai

Baridi. Maji nyuzi 24 asubuhi, majike wamegoma kutaga. Nimekusanya mayai ya majike watatu tu, sikuyatumia kwa hesabu.

Wenye shavu wazi kati ya wale 900 wa Januari, waliosalia hai, wamefika gramu 150 hivi kwenye bwawa la mwisho. Nyama yao haina tatizo lolote. Kichwa ndicho kinachomtisha mnunuzi wa samaki mzima. Nimewauzia mama lishe wawili wa hapa Kibada samaki hao bila vichwa, kwa bei ya chini. Kabla ya hapo niliwatibu mara mbili kwa maji ya chumvi, maana matamvua yasiyofunikwa yanakusanya ute na vijidudu.

28 Septemba

Vifaranga vya wazazi waliokula vizuri miezi miwili kabla ya kutaga, nao wamelishwa chakula chenye vitamini, maji meupe. Wiki sita: 4 kati ya 200. Wote upande mmoja.

5 Oktoba

Hesabu ya mradi. Mauzo yaliyokataliwa 180,000. Wazazi wapya na usafiri 506,000. Vidonge vya chungwa 12,000. Kioo 10,000. Unga wa vitamini 48,000. DCP kilo tano, 20,000. Jumla 776,000, na kilichosaidia ndani yake ni 78,000, nikiihesabu na DCP nisiyo na hakika nayo. Nusu kilo ya unga inatosha kilo 500 za chakula, yaani shilingi 96 kwa kilo.

Wazazi wapya siwasemi vibaya. Damu ilikuwa imebana kweli, na majike hawa wanataga vizuri kuliko wa zamani. Ila niliwanunua kwa ajili ya ugonjwa ambao hawakuwa dawa yake.

Ninavyofanya sasa: primiksi ya kuku imebaki, kwa vitamini nyingine, lakini haiingii tena kwenye ugali wa moto. Chakula naanika kivulini, juu ya chaga, upepo wa bahari unakausha kwa siku mbili. Vitamini mwisho, na mafuta. Kinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, ndani ya nyumba, na nachanganya cha wiki tatu tu. Zamani viroba vilikaa miezi miwili chini ya bati, na Februari, kwa joto la huko ndani, huwezi kushika mfuko. Vifaranga wanaanza wiki mbili za kwanza kwenye maji ya kijani hafifu, ndipo nawahamishia kwenye meupe ambako nawaona vizuri.

19 Oktoba

Mteja wa Mkuranga amerudi, baada ya mpwa wangu kumtumia picha. Hakukubali kikombe nilichochota mimi. Amepunguza maji mwenyewe, amekoroga, amehesabu 300 wake wote mmoja mmoja, kushoto kulia, jua la saa sita. Wenye shavu wazi watano.

"Dada, hawa watano nani analipa?"

Nimempa kumi. Kwenye tangi alilohesabu nimeona wawili waliopinda mgongo, mashavu yao mazima kabisa. Nimewatenga kwenye beseni, na nimeandika nambari za mama zao.